Umeuza kwa Serikali? Dai karatasi yako: nafuu za kodi na mitaji kwa kijana anayelima kibiashara

Leo tunaweka pembeni viwavijeshi na mbolea, tuongee hela. Tena ile hela ambayo umeshaivuna na kuiuza, halafu inatoka mfukoni kwa sababu ya karatasi ambayo hukuidai.

Vijana wenye pampu mabondeni wameongezeka. Nyanya, vitunguu, kabichi, matikiti, mahindi ya kuchoma, kila kitu kinatoka. Na wengine wameshaacha kusubiri dalali; wanapeleka mzigo moja kwa moja kwenye shule za bweni na taasisi nyingine za Serikali. Hapo ndipo swali linapokuja, na nimeulizwa mara nyingi kwa maneno yanayofanana: "Bwana shamba, shuleni wamenikata kodi, halafu TRA nao wananidai tena. Sasa hii ni kodi gani ya mara mbili?"

Jibu fupi: sheria haikutaki ulipe mara mbili. Unalipa mara mbili pale unapokosa ushahidi kwamba ulishakatwa. Nafuu nyingi za kodi kwa biashara ndogo hazihitaji ujuane na mtu wala upige simu kwa mkubwa. Zimeandikwa kwenye sheria tayari. Ila zote zina sharti moja: kumbukumbu. Twende hatua kwa hatua.

KWANZA, JUA UKO DARAJA LIPI

Kilimo cha biashara ni biashara, na mapato yake yanaingia kwenye kodi ya mapato. Lakini kwa mtu binafsi ambaye mauzo yake hayazidi Sh milioni 100 kwa mwaka, kuna utaratibu rahisi unaoitwa kodi ya makadirio. Humo hutozwi kwa faida, unatozwa kwa mauzo. Jedwali lililowekwa na Sheria ya Fedha ya 2019 kwa ngazi za chini liko hivi:

- Mauzo ya mwaka hayazidi Sh milioni 4: hakuna kodi.
- Zaidi ya milioni 4 hadi milioni 7: asiye na kumbukumbu analipa Sh 100,000. Mwenye kumbukumbu kamili analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4.
- Zaidi ya milioni 7 hadi milioni 11: asiye na kumbukumbu analipa Sh 250,000. Mwenye kumbukumbu analipa Sh 90,000, jumlisha asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 7.

Juu ya milioni 11 unaingia ngazi ambayo kumbukumbu si hiari tena, na unatakiwa utoe risiti za mashine ya EFD. Viwango vya ngazi hiyo huguswa na bajeti, na Bunge linapitisha bajeti kila Juni. Kwa hiyo kabla ya kulipa, chukua jedwali la mwaka unaolipia pale ofisi ya TRA Musoma. Usilipe kwa kusikia kijiweni.

Mambo mawili ya kuweka kichwani hapa. La kwanza, makadirio ni ya mtu binafsi. Ukisajili kampuni, hata kama ni ya shamba la ekari mbili, umetoka kwenye jedwali hili na umeingia kwenye kodi ya kampuni, asilimia 30 ya faida, pamoja na gharama za mhasibu wa kukuandalia hesabu. Kampuni ina faida zake, lakini usiisajili kwa sababu tu jina linapendeza kwenye bango. Kama mnafungua kikundi, kabla hamjachukua TIN ya kikundi muulizeni afisa wa TRA: kikundi chetu kitahesabiwa kama ubia wa watu binafsi, au kama chombo kinachojitegemea? Jibu lake linabadilisha kodi yote.

La pili, usichanganye kodi hii na ushuru wa mazao. Ushuru wa mazao ni wa halmashauri, na kisheria anayeulipa ni mnunuzi. Sheria ya Fedha ya 2017 iliushusha kutoka asilimia 5, na mabadiliko ya mwaka huo huo yaliondoa ushuru kwa anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Stakabadhi ya ushuru haikuondolei kodi ya mapato. Itunze hata hivyo, maana inaonesha mzigo wako ulikuwa kiasi gani na ulitoka lini.

Vipi kuhusu VAT? Mazao ghafi ambayo hayajasindikwa yamesamehewa VAT, na tangu Julai 2023 kiwango cha mauzo kinachomlazimu mtu kujisajili VAT kimepanda kutoka milioni 100 hadi milioni 200 kwa mwaka. Kwa hiyo kijana anayeuza nyanya au mahindi, VAT isikunyime usingizi.

KAUNTA BUKU INAVYOPUNGUZA KODI

Watu wengi wanadhani ukiandika mauzo yako ndo umejikamatisha kwa TRA. Rudi kwenye lile jedwali uone kama ni kweli.

Chukua kijana aliyeuza vitunguu na nyanya kwa Sh milioni 6 kwa mwaka. Bila kumbukumbu analipa Sh 100,000. Akiwa na kumbukumbu anatozwa asilimia 3 ya zile milioni 2 zilizozidi, yaani Sh 60,000. Mwenzake aliyeuza milioni 9 bila kumbukumbu analipa Sh 250,000. Akiwa na kumbukumbu anajumlisha 90,000 na 60,000, anapata Sh 150,000. Ni laki moja nzima imebaki nyumbani, na gharama yake ilikuwa kaunta buku moja na kalamu.

Kumbukumbu kamili si mambo ya chuo kikuu. Fungua ukurasa wa mauzo: tarehe, zao, idadi ya magunia, kreti au kilo, bei, jina la mnunuzi, kalipa taslimu, kwa simu au anadaiwa. Fungua ukurasa wa matumizi: mbegu, dawa, mafuta ya pampu, vibarua, usafiri, kodi ya shamba. Kila mstari uwe na karatasi yake, na pale ambapo muuzaji hana risiti mwandikishe jina, namba ya simu na sahihi. Malipo ya simu nayo yasome kila mwezi uyanakili. Andika siku ileile. Ukisema "nitaandika Jumapili", Jumapili utakuwa umesahau kreti tatu.

Na tafadhali, tenganisha laini ya biashara na laini ya nyumbani. Shemeji akikutumia hela ya msiba kwenye namba unayopokelea malipo ya nyanya, mwisho wa mwaka utakaa ukimweleza afisa kodi kwamba ile haikuwa nyanya.

ILE ASILIMIA 2 WANAYOKUKATA SHULENI

Sasa tufike kwenye lile swali. Sheria ya Kodi ya Mapato inazitaka Serikali na taasisi zake, zinapolipia bidhaa, zizuie asilimia 2 ya malipo na kuipeleka TRA. Ukitoa huduma, kwa mfano usafirishaji, kinachozuiwa ni asilimia 5. Hii inaitwa kodi ya zuio.

Shule au taasisi ikikukata, mhasibu hajala hela yako, ilimradi ameipeleka. Na wewe hiyo si hasara. Kisheria kiasi kilichozuiwa kinahesabiwa kama kodi uliyokwisha kulipa kwa mwaka huo. Aliyekukata anawajibika kukupa hati ya kodi ya zuio inayoonesha jina lako, TIN yako, kiasi cha malipo na kiasi kilichokatwa. Hati hiyo ndiyo unayoipeleka TRA ipunguzwe kwenye deni lako la mwaka.

Tumrudie yule aliyeuza milioni 9. Tuseme kati ya hizo, milioni 5 aliiuzia shule. Shule imezuia asilimia 2, yaani Sh 100,000.

Ana kumbukumbu na ana hati: kodi yake ya mwaka ni Sh 150,000, anatoa 100,000 iliyokwisha kukatwa, anabakiza Sh 50,000 ya kulipa. Jumla iliyomtoka ni 150,000.

Hana kumbukumbu wala hati: anatozwa Sh 250,000, na ile 100,000 ya shuleni imeshaondoka bila jina lake. Jumla iliyomtoka ni 350,000.

Shamba ni lilelile, mvua ileile, mnunuzi yuleyule. Tofauti ni laki mbili, na hiyo ni kila mwaka.

Kwa hiyo siku unayopeleka mzigo, mpe mhasibu TIN yako ikiwa imeandikwa vizuri, na siku unayolipwa, ulizia hati kabla hujatoka ofisini. Usiogope kuonekana msumbufu. Sema kwa heshima tu: "Mzee, naomba na hati yangu ya kodi ya zuio, nitaihitaji TRA." Wakisema haijawa tayari, uliza utarudi lini, andika tarehe, na urudi. Ukikosea TIN tarakimu moja, hela yako inaweza kusoma kwa mtu mwingine kabisa, na kuirekebisha ni safari za Musoma ambazo nauli yake unaijua.

NAMNA YA KUINGIA KWENYE ZABUNI

Kwa nini nawahimiza kuuza kwa taasisi? Kwa sababu watu wanakula humo kila siku. Mkoa wetu una shule za bweni, una Hospitali ya Rufaa ya Mwalimu Nyerere pale Kwangwa, una kambi ya JKT Rwamkoma hapa Butiama. Soko la Nyasho likijaa nyanya bei inaanguka, lakini idadi ya wanafunzi wanaokula haianguki.

Mlango wa kuingilia sasa ni mfumo wa ununuzi wa umma wa kielektroniki, NeST, ulioanza kutumika 2023 na kuchukua nafasi ya ule wa zamani wa TANePS. Zabuni zinatangazwa humo na maombi yanatumwa humo. Kama huna akaunti NeST, kwa Serikali wewe hujulikani, hata kama kabichi yako ni kubwa kuliko kichwa cha ng'ombe.

Habari njema kwa vijana: sheria ya ununuzi wa umma inazitaka taasisi kutenga asilimia 30 ya ununuzi wao wa mwaka kwa makundi maalumu, yaani vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Utaratibu huu umeendelezwa na Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya 2023. Kuna zabuni ambazo mkandarasi mkubwa hatakiwi kuzigusa kabisa. Kikundi cha vijana kikitaka kuingia kwenye fungu hilo kinapita kwa taasisi inayokitambua na kukisimamia, na kwa huku kwetu pa kuanzia ni kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri. Mwende na katiba ya kikundi, orodha ya wanachama, akaunti ya benki na TIN.

Majirani zetu ng'ambo ya Sirari walianza mpango unaofanana, unaoitwa AGPO, mwaka 2013, nao ni asilimia 30 kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Vijana wengi wa Kenya walipata kazi kupitia mpango huo, lakini wapo waliokwama kwa jambo moja ambalo na huku lipo: kupata zabuni ni kitu kimoja, kulipwa kwa wakati ni kitu kingine. Tulizungumze hilo bila kupakana mafuta.

MALIPO YAKICHELEWA

Wazabuni wa chakula kuidai Serikali si habari mpya nchini. Kijana akiingia kichwa kichwa, anapeleka mzigo wa msimu mzima, halafu anakaa anasubiri huku muuza dawa anamdai, vibarua wanamdai na mvua zimeanza. Ukiingia, ingia na mambo haya manne.

Moja: usipeleke mzigo bila LPO au mkataba. Neno la mdomo la mkuu wa stoo halilipwi. Siku ya kupeleka, hakikisha mzigo umepimwa mbele yako, na karatasi ya kupokelea imesainiwa na kupigwa muhuri ikionesha kilo zilizopokelewa, siyo zile ulizotoka nazo shambani. Nyanya zinapungua njiani.

Mbili: gawa soko. Kama mtaji wako ni mdogo, usiweke mzigo wote kwa mnunuzi wa mkopo. Sehemu iende kwa taasisi, sehemu iende gulioni kwa taslimu, ili msimu ujao usisimame. Hesabu mwenyewe: hela ya mbegu, mafuta na vibarua wa msimu ujao ni kiasi gani? Kiasi hicho kipatikane kwenye mauzo ya taslimu. Kinachobaki ndicho cha kukopesha Serikali.

Tatu: angalia usilipe kodi ya hela ambayo hujaipata. Hili wengi hawalijui. Kampuni inatakiwa kuhesabu mapato yake pale inapostahili kulipwa, hata kama hela haijaingia. Mtu binafsi anayefanya biashara anaweza kuchagua kuhesabu kwa msingi wa fedha taslimu, yaani mapato yanahesabika yanapopokelewa. Kwa anayeiuzia taasisi inayochelewa kulipa, tofauti hii ni kubwa sana. Umepeleka mahindi Oktoba na umelipwa Machi: kwa msingi wa taslimu, hayo ni mapato ya mwaka mpya. Ila ukichagua njia hiyo, ishike hiyohiyo kwenye vitabu vyako vyote. Huwezi kuhesabu mauzo kwa taslimu na madeni ya dawa kwa njia nyingine kwa sababu tu imekupendeza.

Nne: dai kwa maandishi. Kila mwezi peleka barua fupi ya kukumbushia, ukitaja namba ya LPO, tarehe ya kupokelewa kwa mzigo na kiasi. Ibaki nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Taasisi inapohakiki madeni yake, deni lenye karatasi linaingia kwenye orodha. Deni la "si unakumbuka nilileta" haliingii.

MWAKA UKIWA MBAYA

Kilimo ni mvua, ni wadudu, ni bei. Makadirio yana upande wake mchungu: kwa kuwa yanaangalia mauzo, hata ukiuza kwa hasara unadaiwa. Umetumia milioni 7 kulima, umeuza kwa milioni 6, jedwali linaziona zile 6 tu.

Lakini sheria imeacha mlango. Mtu binafsi anaruhusiwa kuchagua kutoingia kwenye makadirio kwa mwaka husika, akatozwa kwa faida halisi. Mwaka ambao huna faida, hiyo ni nafuu ya kweli. Sharti ni lilelile: uwe na hesabu za mauzo na matumizi zenye ushahidi. Bila karatasi za matumizi, hasara yako ni hadithi. Na jambo hili lizungumze na TRA mapema, siyo siku ya mwisho ya kulipa.

Kama umeshakadiriwa na unaona kiwango si chako, usinung'unike nyumbani. Una haki ya kuweka pingamizi kwa maandishi kwa Kamishna ndani ya siku 30 tangu upate uamuzi huo. Unapoweka pingamizi unatakiwa kulipa kile usichokibishia, au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kile kitakachokuwa kikubwa. Ukiwa na sababu nzito unaweza kumwomba Kamishna akupunguzie au akuondolee malipo hayo ya awali. Siku 30 zikipita umekaa kimya, umekubali.

Kama kodi ni halali ila hela huna, omba kulipa kwa awamu. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inaruhusu. Andika barua, eleza sababu (ambatanisha zile barua za kuidai taasisi), pendekeza kiasi na tarehe unazoweza kuzitimiza. Riba inaweza kuendelea kuhesabiwa, lakini afadhali kulipa kwa mpango kuliko kukimbia.

Na kuna nyakati Serikali hutoa msamaha wa riba na adhabu. Ule wa Julai 2018 ulikuwa wa asilimia 100: waliojitokeza na kukubaliwa walilipa kodi ya msingi tu. Walionufaika ni wale waliokwenda wenyewe wakaonesha deni lao. Msamaha wa namna hii haumfuati mtu shambani, na hakuna anayejua mwingine utakuja lini. Usijenge biashara kwa kuusubiri.

Kwa anayeanza: katika bajeti ya 2019/20 Serikali ilitangaza muda wa nafuu wa miezi 6 kwa biashara mpya kuanzia siku ya kupata TIN. Ukienda kusajili, uliza muda huo kwa sasa ukoje na unahesabiwaje. TIN yenyewe haiuzwi. Anayekuuzia anakula hela yako.

MTAJI WENYE RIBA NAFUU

Kodi ikishakaa sawa, mlango wa mtaji nao unafunguka, maana karatasi ni zilezile.

Halmashauri zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, asilimia 4 vijana, asilimia 2 watu wenye ulemavu. Mikopo hii ilisimamishwa 2023 baada ya kubainika vikundi hewa na marejesho mabovu, ikarudi 2024 ikiwa na utaratibu mpya na uhakiki mkali zaidi. Maana yake kikundi kilichoundwa wiki mbili kabla ya mkopo, wanachama hawajui hata mwenyekiti ni nani, kisitegemee kitu. Kikundi chenye shamba linaloonekana, kitabu cha mauzo na LPO za shule kina la kusema mbele ya kamati. Vigezo vya umri na idadi ya wanachama vichukueni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Upande wa benki, mwaka 2021 Benki Kuu ilitenga Sh trilioni 1 kwa ajili ya kuzikopesha benki kwa riba ya asilimia 3, kwa sharti kwamba nazo zikopeshe sekta ya kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10. Baadhi ya benki kubwa zilishusha riba za mikopo ya kilimo kufikia hapo. Ukienda benki usiulize tu "mkopo wa biashara". Sema wazi unataka mkopo wa kilimo, na uliza kama wamo kwenye mpango wa dhamana kwa wakulima wadogo wa Benki ya Maendeleo ya Kilimo, TADB. Mpango huo unaipa benki sehemu ya dhamana ambayo wewe huna.

Tahadhari moja: mkopo si mauzo, na hautozwi kodi ya mapato. Upokee kwenye akaunti, tunza mkataba wake, na kwenye kaunta buku uandike ukurasa wake peke yake. Usije ukaujumlisha na mauzo ukajipandisha daraja mwenyewe.

FAILI LA MKULIMA

Nunua faili moja la bei rahisi, gawanya sehemu hizi:

1. TIN, leseni ya biashara kama unayo, na cheti cha kutodaiwa kodi.
2. LPO na mikataba.
3. Karatasi za kupokelea mzigo.
4. Ankara ulizotoa na nakala za risiti.
5. Hati za kodi ya zuio. Hizi zihesabu, ziwe sawa na idadi ya malipo uliyopokea kutoka taasisi.
6. Risiti za matumizi.
7. Stakabadhi za ushuru wa mazao.
8. Barua zote, ulizotuma na ulizopokea.

Na tarehe za kubandika ukutani: kodi ya makadirio inalipwa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Ukivuna mara mbili kwa mwaka, tenga fungu la kodi siku ileile unayouza, kabla hela haijaanza kuzoea mfuko. Lipa kwa kontroo namba tu, usimpe mtu hela mkononi akakulipie.

Kwa wiki hii fanya vitu viwili tu. Pitia malipo yote uliyopokea kutoka taasisi za Serikali tangu Januari, uone ni mangapi huna hati ya kodi ya zuio, kisha uanze kuzifuatilia moja moja. Halafu fungua kaunta buku, uanze na mauzo ya leo. Ya jana yaliyopotea yameshapotea, ila msimu huu bado uko shambani.

Kazi njema. Anayekwama kwenye kujaza aje na faili lake siku ya shamba darasa, tukae chini ya mti tulipange pamoja.